Imeingia, Lakini Haijapona

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la spana, nikavua ovaroli, nikasimamishwa mbele ya gereji nipigwe picha. Kabla sijafika nyumbani ninyi vijana mlikuwa mmeshanitumia ujumbe kwamba niandike niliyoyaona kazini, kwa sababu, mlisema, mzee ukiondoka na mambo yote kichwani sisi tutabaki na spana tu. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja. Nilivyopata vinaenea nyuma ya tiketi ya basi. Nitaandika habari za klachi na gia, kwa sababu huko ndiko nilikoona maajabu makubwa zaidi maishani mwangu, ukiacha kuzaliwa kwa wanangu. Mke wangu ameisoma sentensi hiyo. Amesema niiache ilivyo, ila nijue ameiona.

Nilianzia Iringa, kwenye karakana ya kanisa iliyotunza magari ya shule, ya zahanati na ya wachungaji. Nilitoka chuo cha ufundi nikiwa na cheti ndani ya bahasha ya kaki na suruali niliyoipiga pasi usiku kucha, kama vile magari yangeijali. Ilikuwa mwezi wa saba. Spana zilikuwa na baridi ya kuuma vidole, na mafundi walikuwa wamezunguka jiko la mkaa wakisubiri jua lipande.

Aliyenipokea ni Fundi Luka. Alikuwa Mhehe mrefu mwenye viganja vipana kama sahani. Ujanani alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa, na mlio wa mashine ile ulimla masikio. Ukitaka akusikie ilibidi usimame mbele yake na ufungue midomo vizuri. Yeye mwenyewe aliongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

"Giaboksi unaijua?" akaniuliza.

"Naijua, Mzee."

"Umeiona kitabuni au umeishika?"

"Kitabuni."

"Basi huijui, wewe Mnyakyusa. Vua hilo koti."

Akaniweka mbele ya meza yenye giaboksi iliyofunguliwa mfuniko. Akaniambia nifumbe macho, nizungushe shafti kwa mkono wa kushoto, nibadilishe gia kwa mkono wa kulia, na kila mara nimwambie iko ya ngapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya siku nzima. Wenzangu walipita wakicheka. Saa nne nilikuwa nabahatisha. Saa sita nilikuwa nimekasirika. Kwenye saa tisa, sijui kilitokea nini, vidole vyangu vikaanza kuona.

Kitabuni nilisoma kwamba gia za ndani haziachani, meno yake yameshikana muda wote na yanazunguka pamoja. Unachosogeza kwa mkono ni kikuku kinachoifunga gia moja na shafti. Lakini kabla hakijafunga, kuna pete nyembamba ya shaba inayojisugua kwenye gia ile, kama mtu anayemshika mwenzake begani akamwambia, ngoja, twende sawa. Mwendo wa vitu viwili ukilingana, ndipo pete inapofungua njia na gia inaingia. Haya yote hutokea kabla hujamaliza kukohoa. Nilikuwa nimepanda mabasi tangu utotoni na sikuwahi kujua kwamba chini ya miguu yangu kulikuwa na adabu ya namna hiyo. Nilifumbua macho, nikakuta Fundi Luka amesimama mbele yangu.

"Umeishika sasa?"

"Nimeishika."

"Hii pete inaweza kupatanisha gia mbili," akasema, akiigusa kwa ncha ya kidole. "Injini haiiwezi. Kazi ya klachi ni kuitoa injini njiani ili pete ifanye kazi yake. Klachi isipoachia yote, unamwambia huyu mdogo azuie fahali kwa uzi wa kushonea. Atajaribu. Atajaribu mpaka aishe."

Sijawahi kusikia mahubiri mafupi kuliko hayo, na nimesali Iringa miaka kumi na mitatu.

Kitu kilichonishangaza zaidi kwa mzee huyu ni viganja vyake. Kwa kuwa hakusikia, aliyatambua magari kwa kuyagusa. Aliweka mkono juu ya giaboksi gari likiwa linanguruma, akatazama juu kidogo kama mtu anayekumbuka jina, kisha akasema beringi ya nyuma. Tulifungua, tukakuta beringi ya nyuma. Mara ya kwanza nilidhani kabahatisha. Mara ya kumi niliacha kudhani.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, kwenye gereji yetu ya Uyole, pembeni mwa barabara kuu. Huko sikuwa na Fundi Luka wa kumwita, ikabidi niwe na akili. Malori yanayopanda na kushuka yalinifundisha haraka. Naomba mlishike hili, kwa sababu litawaokoa siku nyingi. Mtu akikuletea gari lililobadilishwa klachi, akalalamika gia ni ngumu, zima injini kwanza. Ingiza gia zote moja moja. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma injini ikiwa inanguruma, iache giaboksi kama ilivyo. Klachi haiachii. Tafuta kwa nini.

Na sababu ziko nyingi. Nimekuta sahani ya klachi imefungwa nyuma mbele na fundi aliyekuwa na haraka ya harusi. Nimekuta beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, imekwama, inaiburuza shafti hata klachi ikiwa imeachia. Nimekuta upepo kwenye mafuta ya klachi, mpira wa mafuta uliovimba kwa ndani, kutu kwenye meno ya shafti. Na mfanyabiashara mmoja wa viazi kutoka Mbalizi alikuja na pikapu iliyobadilishwa klachi mara mbili na mafundi wawili. Nilinyanyua zulia jipya, nene, zuri, lililokuwa chini ya pedali. Pedali ikafika chini, gia zikaingia. Alilikunja zulia, akaliweka kwapani. Kisha akaniomba nisimwambie shemeji yake, kwa sababu ndiye aliyemshauri anunue zulia.

Kwa hiyo lilipokuja gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya upande wa Ubaruku, nilikuwa fundi mwenye miaka mingi na maringo ya kutosha.

Dereva wake aliitwa Sekela. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye maneno machache. Alijifunza kuendesha kwenye matrekta ya mashamba ya mpunga, kisha kituo kikamchukua. Gari lilikuwa limezeeka, klachi ilikuwa inateleza kwenye milima. Niliteremsha giaboksi, nikabadilisha sahani, bamba la presha linaloibana, na beringi ya kuachia, nikatoa upepo, nikamwambia lipo tayari. Aliondoka. Baada ya robo saa akarudi.

"Fundi, ya kwanza inagoma kuingia. Rivasi inalia."

"Klachi ni mpya, dada. Itajizoeza."

"Na pedali naisikia kama nakanyaga godoro. Kuna mlio kama wa bati, tik, nikifika chini."

"Ni upepo umebaki," nikamwambia. Nikautoa tena. Gia zikaingia vizuri kidogo, akaondoka.

Hakumaliza siku nne. Aliporudi mara ya pili niliona haya, na haya ilinifanya mkali. Niliwaambia wenzangu wasiliguse gari lile, nitalimaliza mwenyewe. Niliteremsha giaboksi upya. Sahani ilikuwa imekaa sawa, beringi ndogo ilizunguka kama mpya, meno ya shafti yalikuwa safi. Nikarudisha. Nikabadilisha silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, na silinda ya chini inayosukuma klachi, na mpira unaoziunganisha. Nikapima mwendo wa silinda ya chini. Ulikuwa mfupi, hautoshi klachi kuachia. Kila kitu kilikuwa kipya, mafuta hayakuvuja popote, na mwendo ulikuwa mfupi. Nililizunguka gari lile kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nataka mlisome mara mbili. Nililegeza nati ya kifimbo cha pedali, kile kinachoisukuma silinda ya juu, nikakirefusha mpaka mwisho. Mwendo ukatosha. Gia zikaingia. Sikuwa nimejua tatizo liko wapi, nilikuwa nimelifunika tu.

Sekela alilijaribu uwanjani, mbele na nyuma, akazima, akakaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani.

"Imeingia, fundi," akasema. "Lakini haijapona."

"Ikiingia imepona," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Ilikuwa mchana wa siku ya soko, kama wiki mbili baadaye. Simu yangu ikaita kwa namba ya Sekela, lakini sauti ilikuwa ya bibi mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa na Kisangu kingi.

"Ni fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Dereva anasema nikwambie pedali imekufa."

"Imekufaje?"

Nikamsikia akiuliza, kisha sauti ya Sekela kwa mbali, tulivu kabisa, na injini nyuma yake. "Anasema imelala. Anaikanyaga, haifanyi kitu. Breki zipo. Ile nyingine ndiyo imekufa."

"Mko wapi?"

"Tumeipita Chimala. Tuna mgonjwa, mkwe wangu. Mtoto amekaa vibaya, nesi yuko naye huko nyuma. Wamesema apasuliwe Mbeya."

Nilikaa chini kwenye tairi. "Mama, mwambie asimame hapo hapo. Nakuja na gari lingine."

Nikamsikia akimwambia Sekela. Halafu: "Anasema hasimami. Anasema ukija na hilo gari lingine mtoto atakuwa amechoka. Anasema wewe nenda makutano ya Uyole, umwombe trafiki amfungulie njia, kwa sababu akisimama kwenye foleni atapata shida kuondoka. Na uwapigie hospitali wafungue geti." Kisha akaongeza la kwake mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Baba, hili gari linaenda. Mbona linaenda vizuri tu?"

Mnaijua njia hiyo. Kutoka Chimala unapita Igurusi, unakuja Inyala, na kutoka bondeni hadi Uyole unapanda mpaka masikio yanaziba. Malori yanatambaa mbele yako, mengine yanakuja upande wako bila kuuliza. Hata mwenye klachi nzima hubadilisha gia mpaka goti linamuuma. Huyu alikuwa anaipanda bila klachi, na mama mjamzito kitandani nyuma.

Inawezekana. Nilijua kwamba inawezekana, kama ninavyojua kwamba kuna watu wanatembea juu ya kamba. Unapunguza mafuta kidogo tu, mpaka injini haisukumi wala haivutwi, na katika nusu ya pumzi hiyo kijiti cha gia kinatoka. Ukipanda gia unangoja injini ishuke mpaka mwendo wake ulingane na wa magurudumu. Ukishuka gia unaipandisha kwa mguu mpaka ulingane. Halafu unasukuma, taratibu. Ukiwahi, meno yanalia. Ukichelewa, meno yanalia. Kwenye mlima, ukikosa, gari linaisha nguvu na kusimama. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye barabara tambarare, gari tupu, na nikalia pamoja na meno.

Nilikimbia hadi makutano. Trafiki alikuwa mama mnene mwenye miwani ya jua. Nilimweleza huku nahema. Aliniangalia ovaroli, akaangalia barabara.

"Hana klachi?"

"Hana."

"Na anakuja huku?"

"Anakuja."

Hakuuliza lingine. Aliingia katikati ya barabara, akainua mkono, na malori ya Tukuyu na ya Tunduma yakasimama. Watu wa sokoni wakaanza kusogea kutazama kuna nini. Tulisubiri. Nilikuwa nahesabu vijiji kichwani, sasa Igurusi, sasa Inyala, sasa mlima, na kila kijiji nilijiuliza ni gia ngapi amebadilisha tangu kile cha kabla yake, na kila moja ilikuwa ni deni la uvivu wangu.

Nililisikia kabla sijaliona. King'ora, na chini yake injini. Lilipotokea lilikuwa limebanwa nyuma ya lori la mbao lililokuwa linachelewa kupisha, na pale kuna kilima kidogo. Nikajua itabidi ashushe gia, mbele yangu, sasa hivi. Nilifunga mdomo kwa mkono. Injini ikatulia. Ikapanda kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba. Na gia ikaingia. Hakukuwa na mlio. Gari halikuruka wala halikusita. Lori likapisha, na Sekela akapita mbele yetu, uso mkavu, mkono mmoja umekilalia kijiti kama mtu aliyeweka mkono juu ya kichwa cha mtoto aliyelala. Pembeni yake bibi mwenye kitenge alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Trafiki alibaki na mkono juu muda mrefu baada ya gari kupita. "Huyo ni nani?" akaniuliza.

Nilisema jina lake.

Nilichukua bodaboda hadi hospitali. Gari lilikuwa mbele ya mlango wa dharura, limezimwa likiwa kwenye gia, maana ndivyo alivyolisimamisha. Sekela alikuwa ameketi kwenye ngazi anakunywa maji. Mgonjwa alikuwa ameshaingizwa. Tulikaa wote wawili pale ngazini mpaka nesi akatoka kumwambia bibi kwamba ni mtoto wa kike na mama yu salama. Bibi akapiga vigelegele, akaambiwa hapa ni hospitali, akapiga kingine kidogo.

Tukalivuta gari hadi Uyole. Nililikagua mpaka jua likainama. Silinda nzima, mafuta yamejaa, hakuna tone chini. Niliingia, nikakanyaga pedali, nikashuka, nikatazama, nikaingia tena. Sikuona kitu. Nikampigia Fundi Luka. Alikuwa amestaafu, anakaa kwake Kihesa, Iringa, na simu yake ilipokelewa na binti yake, kwa sababu zilizo wazi. Kesho yake mchana alishuka kwenye basi, amevaa koti lake la miaka ile ya karakana, na kofia ya sufu.

"Kamwene, Mzee," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Nani anaendesha hili gari?"

"Anaitwa Sekela."

"Mwite yeye. Wewe nitaongea nawe baadaye."

Alimsimamisha Sekela mbele yake, akamwambia aseme yote tangu siku ya kwanza. Sekela akayasema akifungua midomo vizuri: godoro, mlio wa bati, kwamba siku za joto ilizidi, kwamba baada ya mimi kurekebisha ilikuwa nyepesi siku mbili kisha ikaanza kulegea kidogo kidogo. "Nilimwambia fundi," akamaliza. Hakusema kwa ubaya. Fundi Luka alinigeukia, akanitazama kama alivyonitazama siku ile nilipomwambia giaboksi naijua kitabuni.

Hakuomba spana. Alifungua boneti, akamwambia Sekela aingie, akaupenyeza mkono wake nyuma ya ile ngoma kubwa ya bati inayousaidia mguu kwenye breki, mahali ambapo silinda ya klachi imefungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Akatazama juu kidogo.

"Kanyaga. Achia. Kanyaga. Achia."

Mara ya tatu akatabasamu. Akanishika mkono, akauingiza mahali pale pale, akaubandika kwenye bati.

"Kanyaga, mama."

Ukuta ulisogea. Ulisogea chini ya kiganja changu, polepole, kama ubavu wa ng'ombe anayepumua, na mwisho wake nikaisikia, tik.

"Mguu wa huyu mama haukanyagi mafuta," akasema Fundi Luka. "Unakanyaga gari."

Tulipobandua sponji nene la ndani tuliuona ufa, mrefu kama kiganja, umeanzia kwenye tundu la bolti na kuzunguka. Barabara za mashambani zilikuwa zimeuanza zamani. Klachi ya zamani ilikuwa imechoka, springi zake ni laini, ukuta ukaivumilia. Nilipofunga mpya, ngumu, kila Sekela alipokanyaga ukuta ulipinda badala ya mafuta kusukumwa. Nilipokirefusha kifimbo niliuongezea mzigo, ufa ukatembea. Siku ile ya Chimala ukaachia. Mtu akiwa ndani anakanyaga, ukuta unasogea. Akishuka aje kutazama, ukuta umerudi mahali pake. Kwa wiki zote zile nilikuwa nakanyaga mwenyewe na kutazama mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu aone nimeshindwa. Vijana wangu, mmoja akanyage, mwingine atazame. Na dereva akisema jambo, liandike kwanza, ubishi uje baadaye.

Tulitoboa ncha za ufa usiendelee, tukachomelea bati nene nyuma yake, nikakirudisha kifimbo kwenye urefu wake wa kiwandani. Kisha tukainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, injini ikanguruma, Sekela akakanyaga pedali na kuingiza gia ya kwanza. Magurudumu hayakutikisika hata kidogo, maana sasa klachi iliachia yote. Fundi Luka alikuwa ameweka kiganja chake kwenye giaboksi. Alikiondoa, akakifuta kwenye koti, akaomba chai.

Nilimfuata Sekela alipokuwa ananawa mikono.

"Siku ile uliniambia haijapona."

"Nilikuambia."

"Nisamehe, dada."

"Nilikusamehe pale Igurusi," akasema. "Nilikuwa na shughuli nyingine, hasira nikaona haina pa kukaa."

Nikamuuliza aliwezaje. Akafikiri. Akasema trekta alilojifunzia halikuwa na klachi ya kuaminika, hivyo alizoea kungoja. "Gari linasema lenyewe likiwa tayari. Mimi nilikuwa nasikiliza tu." Palipokuwa na foleni Igurusi alizima injini, akaweka gia ya kwanza, njia ilipofunguka akawasha hivyo hivyo na starta ikalisukuma gari mpaka injini ikashika. Alinieleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali. Nimefundishwa na watu wawili katika kazi hii, mmoja hasikii na mwingine hakuwahi kushika spana, na hadi leo sijui kama nitawafikia.

Baada ya siku chache yule mama aliyejifungua akaruhusiwa. Sekela alimchukua hospitali na njiani kurudi Ubaruku akasimama mbele ya gereji kujaza maji. Nilitoka kuwasalimia. Fundi Luka alikuwa ameshaondoka na basi la asubuhi. Mama alikuwa ameketi mbele, mtoto amefunikwa mpaka kwenye pua kwa baridi ya Uyole. Bibi alikuwa nyuma, na aliponiona akaweka kidole midomoni. Nikaelewa kwamba hawakutaka kumtia hofu mtu mwenye kidonda kibichi. Hawakuwa wamemwambia chochote kuhusu pedali.

"Ninyi ndio mnaotengeneza hili gari?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ahsanteni sana. Siku ile nilikuwa na maumivu, kila bonde nililiogopa. Lakini lilikuja laini, baba. Laini kabisa. Kule kwenye mlima hata nilisinzia." Akamfunua mtoto uso ili nimwone. "Nilimwambia nesi, mafundi wa hili gari Mungu awabariki."

Nilimtazama Sekela. Alikuwa anaangalia barabara, na shavu lake moja lilikuwa linatetemeka kwa kicheko alichokizuia.

"Mshukuru dereva, mama," nikasema.

"Dereva namshukuru," akajibu, kama mtu asiyetaka kumkosea mtu. "Lakini yeye si alikuwa ameketi tu?"

Sekela akakanyaga pedali, akaingiza ya kwanza, akaniaga kwa kichwa. Nililitazama gari likishuka kuelekea Inyala, likibadilisha gia moja baada ya nyingine, mpaka lori likanipigia honi nyuma yangu, nikagundua kwamba nimesimama katikati ya barabara na kofia yangu iko mkononi.